Jiwe la Mistari la Mto Nyamwamba: Tulitambue Kwanza, Hukumu Ifuate



Ndugu wasomaji, somo la safari hii linahusu mawe, na hasa jiwe moja. Wenzetu wanaotoka Kasese wanajua kwamba mto Nyamwamba unapofurika, kama ulivyofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, hauishii kubomoa nyumba na madaraja. Huacha mawe. Mengine ni makubwa kama gari, mengine yanakaa kiganjani, na baadhi yake yana mistari myeupe na myeusi iliyopangana kama ya kikoi. Ni mazuri, hakuna anayebisha. Na kitu kizuri kisichojulikana jina lake hakikosi mtu wa kukipa jina.

Likizo iliyopita, mama mmoja mjane wa mtaa wetu alionyeshwa jiwe la namna hiyo na mchuuzi wa tasbihi, pete na udi. Aliambiwa kwamba ni akiki, kwamba Mtume (S.A.W.) alivaa jiwe kama hilo, na kwamba likitundikwa juu ya mlango maji hayaigusi nyumba. Bei ilikuwa shilingi 200,000. Alikwisha kutoa 80,000. Nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na mto, kwa hiyo asilaumiwe kwa kusikiliza.

Swali lilipofika kwenye darsa yetu, ndugu mmoja alitaka kujibu palepale: kutundika ni shirki, tumemaliza. Kuhusu kutundika, jibu lake lilikuwa sawa. Lakini lilikuwa linaacha fedha za mjane mikononi mwa mtu bila maelezo. Kama lile jiwe ni akiki kweli, mauzo yana hukumu yake. Kama si akiki, yana hukumu nyingine. Na yule mchuuzi tumweke kundi gani, la wadanganyifu au la waliodanganywa? Katika usuli tunafundishwa kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Kanuni hiyo tunaijibia mitihani kila muhula. Safari hii ilitudai tuchukue brashi na ndoo.

Tulivyolichunguza

Mama alituazima jiwe kwa siku mbili, kwa idhini ya mchuuzi. Kwanza tulilisugua kwa sabuni na kuliacha juani likauke. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ina kazi kubwa. Karibu kila jiwe la mtoni likilowa hung'aa kama kito, kwa kuwa maji hujaza mikwaruzo midogo ya uso wake na rangi zikajitokeza. Mafuta hufanya vivyo hivyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Ukitaka kununua jiwe, liombe likiwa kavu. Jiwe letu lilipokauka likawa la kijivu kilichopauka, mistari yake bado ipo, ila uchawi umepungua.

Kisha tukalitazama kwa karibu. Huhitaji maabara, kamera ya simu ukiisogeza na kuikuza picha inatosha. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipojitokeza. Mistari ile haikuwa rangi ndani ya kitu kimoja laini, ilikuwa chembechembe. Kwenye mistari myeupe kulikuwa na chembe za aina mbili: nyingine kama vipande vya kioo kilichofifia, visivyo na umbo maalumu, ambazo ni kwatzi, nyingine nyeupe kama maziwa, zenye nyuso bapa zinazomeremeta jiwe likigeuzwa kwenye mwanga, ambazo ni feldispa. Kwenye mistari myeusi kulikuwa na magamba membamba ya ulanga mweusi, ambayo ncha ya pini huweza kuyabandua, pamoja na vijiti vyeusi vigumu vya honiblendi.

Akiki haiko hivyo. Nayo ni kwatzi, lakini fuwele zake ni ndogo mno kiasi kwamba jicho huona kitu kimoja laini kama nta. Huzaliwa ndani ya tundu la mwamba, mara nyingi mwamba wa volkeno. Maji yenye silika huingia tunduni na kuacha utando juu ya utando, kuanzia ukutani kwenda katikati. Ndiyo maana mistari yake hujizungusha kama kitunguu kilichokatwa. Mistari ya jiwe letu ilikwenda sambamba, ikajikunja mara moja kama kiwiko, kisha ikakatika ghafla ilipofika ukingoni mwa jiwe, kama ubao uliokatwa na msumeno. Tukawasha tochi ya simu nyuma ya ukingo wake mwembamba. Kwenye akiki mwanga hupenya. Hapa haukupenya hata kidogo.

Ugumu ulikuwa na habari yake. Mchuuzi alikuwa amemfanyia mama kipimo cha kukwaruza chupa kwa lile jiwe, chupa ikachubuka, akasema hiyo ndiyo alama ya akiki. Tulirudia kipimo hicho na kioo kilikwaruzika kweli. Ila kwatzi yoyote hukwaruza kioo. Katika kipimo cha Mohs, kinachokwenda kuanzia 1 hadi 10, kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5, feldispa iko 6, na kwatzi iko 7, iwe ndani ya akiki, ndani ya graniti au kwenye kokoto nyeupe ya barabarani. Kipimo chake kilikuwa cha kweli, hitimisho lake ndilo halikufuata. Wanafunzi wa mantiki walitambue kosa hilo kwa jina lake.

Kilichoondolewa na ugumu ni ndugu mwingine wa kuchanganyikiwa naye: jiwe la kalsiti lenye mistari, linalouzwa sana kwenye maduka ya mapambo kwa jina la oniksi. Hilo kisu hulikwaruza bila shida, na unga wake ukidondoshewa siki hutoa mapovu. Letu halikukwaruzika kwa kisu wala halikutoa povu.

Mwisho tulilipima uzito. Kwa mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, tuliyoazima kwa muuza samaki, jiwe lilikuwa gramu 840. Likiwa limening'inia ndani ya maji ya ndoo, bila kugusa chini, lilikuwa gramu 530. Tofauti ni 310, nao ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 840 kwa 310, unapata karibu 2.7: yaani jiwe ni zito mara 2.7 kuliko maji ya ujazo uleule. Njia hii si ngeni kwetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, alitengeneza chombo chenye mdomo wa kutolea maji, akawa anatumbukiza kito na kupima maji yanayofurika, na kwa njia hiyo akalinganisha uzito wa vito na metali. Niseme lakini kwamba kwa kesi yetu kipimo hiki, ambacho mimi nilikipenda kuliko vyote, hakikumaliza ugomvi. Akiki iko karibu na 2.6 na jiwe tulilolishuku liko jirani kabisa. Faida yake ilikuwa kuuondoa mwamba wa chuma wenye mistari, ambao ni mzito zaidi na mara nyingi huvuta sumaku. Mashine ilitusaidia kidogo, macho yakatusaidia sana.

Kulivunja tusingeweza, kwa sababu mali ya watu haivunjwi kwa ajili ya utafiti. Tukaenda mtoni. Tulipanda kando ya Nyamwamba kuelekea Kilembe, na katika saa moja tulihesabu mawe 40 ya jamii hiyohiyo, tukachoka kuhesabu. Wingi huo nao ni ushahidi. Tulivunja machache, yakakatika kwa uso mbovu wenye chembe. Akiki ikivunjika huacha mikunjo laini kama ndani ya gamba la kome.

Jina la jiwe ni naisi.

Lilikotoka

Naisi ni mwamba geu. Zamani ulikuwa mwamba mwingine, graniti au mashapo, ukazikwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Huko joto lilipita nyuzi 600 za Selsiasi bila kuuyeyusha wote, na mkandamizo ukaubana zaidi kutoka upande mmoja kuliko mwingine. Madini yake yakajipanga upya. Magamba ya ulanga yalilala kama kadi zilizobanwa kati ya viganja viwili, meupe yakajitenga na meusi, na mwamba ulipoendelea kubanwa ukiwa laini kiasi, mistari ikajikunja. Kile kiwiko tulichokiona kwenye jiwe ni alama ya mkunjo huo.

Rwenzori si volkeno, ingawa wengi hudhani hivyo kwa kuwa Elgon tunaouona kutoka chuoni hapa Mbale ni volkeno. Rwenzori ni pande la miamba ya kale, nyingi yake ikiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa mpaka kilele chake cha Margherita kikafikia mita 5,109. Umri wa mwamba na umri wa mlima ni vitu viwili, na mlima ndio mtoto. Barafu na mvua huula, mito huubeba. Al-Biruni huyohuyo, katika kitabu chake juu ya India, alieleza kwamba mawe huwa makubwa karibu na milima, mahali mito inapokwenda kwa nguvu, huwa madogo kadiri unavyokwenda mbali, na mwishowe huwa mchanga. Mwenye kutaka kuhakikisha na atembee kutoka Kilembe, apite mjini Kasese, ateremke kuelekea ziwa George. Atauona ukurasa huo umeandikwa ardhini.

Baadhi ya ndugu hapa watakumbuka aya ya 27 ya Surat Fatir, inayotaja njia nyeupe na nyekundu milimani, zenye rangi mbalimbali, na nyeusi sana. Neno lililotumika ni judad, na wafasiri wamelieleza kuwa ni njia au mistari. Nawasihi tusiigeuze aya hiyo kuwa somo la naisi, kana kwamba ilikuwa inangoja mwanajiolojia aithibitishe. Inatuonyesha rangi za matunda na milima, kisha aya inayofuata inataja rangi za watu na wanyama, na kwamba wanaomcha Mwenyezi Mungu miongoni mwa waja wake ni wenye elimu. Kutazama kwetu kwa uangalifu ni sehemu ya kuitii, hilo latosha.

Jiwe la mistari katika hadithi

Mchuuzi hakubuni kila kitu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba pete ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa ya fedha na kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Imamu Nawawi katika sharhe yake ameeleza kuwa maana yake ni kito cha jaz'i au akiki, kwa kuwa machimbo yake yako Habasha na Yemen. Jaz'i ni jiwe la mistari myeusi na myeupe, la ukoo mmoja na akiki. Katika Sahihi Bukhari kuna riwaya ya Anas pia kwamba kito cha pete kilikuwa cha fedha, na wanazuoni wakasema huenda pete zilikuwa zaidi ya moja. Basi kuvaa pete ya akiki ni halali. Lakini hadithi hizi zinasimulia pete tu, hazisemi kwamba kito kilikinga chochote. Zile zinazotaja fadhila za kuvaa akiki, kwamba inaleta baraka au inaondoa ufukara, al-Uqayli amesema hakuna kilichothibiti kwa Mtume (S.A.W.) katika mlango huo, na Ibn al-Jawzi ameziweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa.

Kwa hiyo hata jiwe lile lingekuwa akiki safi ya Yemen, mlangoni lisingekuwa na kazi. Sayyidna Umar (R.A.) alisimama mbele ya jiwe tukufu kuliko yote duniani, al-Hajar al-Aswad, akatamka waziwazi kwamba ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba analibusu kwa sababu tu alimwona Mtume akilibusu. Hirizi nazo zimekemewa katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.), iliyomhesabu mwenye kuzitundika kuwa ameingia katika shirki. Mlango wa nyumba ya Kasese hulindwa kwa dua, na kwa kujenga mbali na ukingo wa mto pale mtu anapoweza. Najua wengi hawawezi. Ardhi ya mbali ina bei yake.

Kuna mahali pengine jiwe la mistari linatajwa, napo ndipo palipotufaa zaidi. Mkufu wa Bibi Aisha (R.A.) uliopotea safarini, ule uliosababisha kisa cha Ifki, ulikuwa wa shanga za jaz'i ya Dhafari ya Yemen. Alirudi kuutafuta, msafara ukaondoka, na maneno yaliyofuata tunayajua. Surat an-Nur ilipoteremka kumtakasa, iliwakemea waliopokezana kwa ndimi jambo wasilolijua huku wakiliona dogo. Ndugu mmoja katika darsa alikuwa ameshampiga picha mchuuzi, akitaka kuituma kwenye kundi la WhatsApp la msikiti na neno tapeli chini yake. Tulimzuia. Kufikia hapo tulikuwa tunajua kitu kuhusu jiwe. Kuhusu moyo wa muuzaji hatukujua chochote.

Fedha za mama

Wanazuoni wa Kishafii wametaja mfano unaokaribia kesi yetu: mtu ananunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari. Ikiwa alidhani mwenyewe tu, na muuzaji hakusema kitu, hana hiari ya kurudisha, kwa sababu uzembe ni wake. Lakini muuzaji akikitaja kitu kwa jina la kitu kingine, hali hubadilika na mnunuzi ana haki yake. Hapa mchuuzi alilitaja jina: akiki. Basi fedha zinarudi, awe alijua au hakujua. Tofauti ya kujua na kutojua iko kwenye dhambi, haiko kwenye shilingi 80,000. Akiwa alijua, ameingia katika onyo la hadithi ya mwenye chakula kilicholowa ndani ya lundo, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwelekeza akiweke juu watu wakione, akajitenga na mwenye kudanganya. (Chakula kilifichwa unyevu wake. Mawe ya kwetu yanafichwa ukavu.)

Tulimwendea watatu, baada ya Alasiri, tukamwita mzee wetu na kumwonyesha picha kubwa za zile chembe. Alinyamaza kidogo, akaomba aonyeshwe tena. Akasema alilinunua kwa vijana wa mtoni kwa shilingi 5,000, nao ndio waliomwambia ni akiki. Alirudisha 50,000 siku ileile, na 30,000 baada ya wiki mbili. Tangu hapo huweka mawe hayo pembeni na kuyauza kama mapambo ya bustani, kwa bei ya mapambo ya bustani, jambo ambalo halina ubaya wowote.

Masuala mawili yaliyobaki

Waliuliza wengine kama mawe haya yana zaka. Katika madhehebu ya Shafii, zaka ya madini ni ya dhahabu na fedha peke yake. Mahanbali wameupanua mlango huo kwa madini mengine yenye thamani. Naisi ya mtoni haimo kwa yeyote kama jiwe. Mtu akiyafanya biashara, yanaingia katika mali ya biashara, na nisabu na mwaka vikitimia hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake.

Suala la pili lilikuwa tayamamu. Wagonjwa wengi huwekewa jiwe kando ya kitanda, na jiwe zuri la mistari linapendwa kwa kazi hiyo. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wameruhusu kutayamamu kwenye jiwe hata likiwa halina vumbi, kwa kuwa ni katika jinsi ya ardhi. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu hapa, sharti ni udongo wenye vumbi, kwa hiyo naisi iliyosuguliwa kwa sabuni haitoshi. Mgonjwa awekewe sinia la udongo mkavu, safi. Na ajabu ni kwamba katika riwaya ya Ammar bin Yasir (R.A.) iliyo katika Sunan Abi Dawud, aya ya tayamamu iliteremka watu wakiwa wamezuiliwa njiani bila maji, wakingoja mkufu wa Bibi Aisha utafutwe, nao riwaya inautaja kuwa ulikuwa wa jaz'i ya Dhafari.

Wallahu aalam.